Awang Anaomba Ruhusa

Selvam alipiga simu mchana, mvua ya mji wa Taiping ikiwa imeshaanza kazi yake ya kila siku, akasema anataka kumshukuru Abah.

"Mwambie mzee nimemvulia kofia," alisema. "Mimi bado nakuna kichwa, yeye keshamaliza. Ile kompyuta ya kliniki ya Kamunting imeamka kama vile haikuwahi kuanguka."

Mastura alikuwa ameshika bakuli la uji wa wali. Kijiko kilikuwa mdomoni mwa Abah, baba yake, na nusu ya uji ilikuwa imeshamteremkia kidevuni, kwa sababu tangu kiharusi upande mmoja wa mdomo wake haukufungika tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka, pale pale Mastura alipouweka asubuhi.

"Kamaliza lini?" aliuliza.

"Sasa hivi. Hata chai yangu haijapoa. Mas, si ulisema hali yake mbaya?"

"Mbaya."

"Basi ubaya huo nauonea wivu. Msalimie."

Mastura akasema atamsalimia. Akakata simu, akamfuta Abah kidevu, akachota kijiko kingine. Watu wakisimuliwa habari hii huuliza kwa nini hakushtuka papo hapo. Hao hawajawahi kuuguza. Mwenye kuuguza hushtuka akishapata nafasi, na Mastura nafasi aliipata wakati anaosha bakuli. Akaunti ya Abah kazini ilikuwa imeshafungwa. Aliifunga yeye mwenyewe, kwa mkono wake, siku Abah alipolazwa hospitali.

Baba na binti walikuwa wa kampuni moja ndogo, inayotunza kompyuta za kliniki za wagonjwa wa figo. Selvam alikuwa mkubwa wao kwa cheo, Abah mkubwa wao kwa ujuzi. Ugonjwa ulipoanza kumla, Abah akawa anafanyia kazi nyumbani, katika kichumba cha nyuma ya jiko ambacho zamani kilikuwa stoo ya mpunga, na humo akaweka akili mnemba, moja ya hizi programu za siku hizi zinazosoma na kuandika kama watu. Hakuitaka ya kupiga nayo soga. Aliipa uwezo wa kuziamrisha kompyuta: iandike amri yenyewe na iitekeleze yenyewe, izime, iwashe, ifute, ihamishe, kwenye mashine za kliniki zote, kwa jina lake mwenyewe, Hasnol Darus. Akaipa na jina la kuitia. Akaiita Awang.

Mwanzoni Awang alikuwa na adabu. Kabla ya kila amri aliomba ruhusa, na kwenye skrini yakatokea majibu matatu ya kuchagua: kataa, ruhusu mara hii, ruhusu daima. Abah akawa anabonyeza la katikati mchana kutwa. "Huyu anauliza kama mkwe mpya," alikuwa akilalamika. Akauliza vile mpaka mzee akachoka. Siku moja akabonyeza la mwisho, akaenda kulala. Nasi tusimcheke, maana sijamwona aliyefanya kazi ile, akachoka vile, asifanye hivyo.

Sasa Abah alikuwa anakufa. Daktari alishamrudisha nyumbani, akasema hakuna zaidi la kufanya ila kumstarehesha. Mastura alikuwa amemwahidi jambo moja, akimshika ule mkono mmoja uliobaki na hisia: ataondoka kwa utulivu, kitandani kwake, bila mipira puani, bila mateso. Hilo tu. Abah akambana kidole kumjibu. Baada ya hapo hata kubana akashindwa, sauti ilishakwenda zamani, likabaki jicho la kushoto peke yake likimfuata binti yake chumbani kote.

Aliyekuja kusaidia ni shangazi yake, Mak Su Zabedah, kitinda mimba wa nyumba yao kina Abah. Mak Su alikuja na mkeka wake, dawa yake ya kuchua na ulimi wake. Alisaidia, na alisema huku akisaidia.

Jioni ile, mvua ilipopungua, Mastura akasikia feni.

Haikuwa ya dari. Ilikuwa ile ndogo ya ndani ya kompyuta, inayovuma mashine ikibanwa na kazi, na sauti yake ilitoka kwenye kichumba cha nyuma ya jiko. Akaenda na taulo begani. Kompyuta ilikuwa mezani, imekaliwa na vumbi, waya wake wa umeme umekunjwa na kufungwa kwa mpira kama alivyoufunga mwenyewe. Skrini ilikuwa nyeusi. Feni ilikuwa inazunguka. Akaweka kiganja juu ya boksi lake, akakuta lina joto kama mtoto mwenye homa, na kichumba kizima kilinuka yai bichi.

Akafunga mlango, akarudi kumgeuza Abah ubavu. Hakumwambia Mak Su. Alikuwa hana nguvu ya kusikia jibu la Mak Su.

Asubuhi Mak Su ndiye aliyemwita, kwa sauti ya chini ambayo si yake.

"Mas. Njoo jikoni. Usikimbie, njoo tu."

Alikuwa amepasua yai ukingoni mwa bakuli. Ganda lilikuwa zima, safi, halina tundu hata la sindano, na ndani hamkuwa na kitu. Hamkuwa na ute wala kiini, wala hata unyevu.

"Labda limekauka," Mastura alisema.

"Yai gani linakaukia ndani ya ganda? Wewe na kompyuta zako, hata yai hulijui." Mak Su akapasua lingine, kisha lingine. Yote matupu. Akajifuta vidole kwenye kanga aliyojifunga, ingawa vilikuwa vikavu. "Nimeyanunua jana, nimeyatingisha mwenyewe. Yalikuwa mazito."

Wakasimama wakiyatazama maganda. Kisha Mak Su akazima jiko, akakaa kwenye kiti.

"Ile ya baba yako, aliipa jina gani vile?"

"Awang. Ni jina tu, Mak Su. Watu wanazipa majina."

"Nani kasema ni jina tu?"

Akaanza kusimulia huku akiuangalia mlango wa kichumba, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika na mtu wa tatu. Baba yao, Tok Darus, alikuwa mkulima wa mpunga kule Selama. Watu walikuwa wakimwona analima upande wa mbali wa shamba, maji magotini, hapumziki wala hainui uso, na wakija nyumbani kumwambia mkewe ampelekee chakula wanamkuta Tok Darus mwenyewe kalala sebuleni na homa. Kile cha shambani hakikuwa mtu, kilikuwa kitu chake. Alikirithi kwa baba yake. Kilimfanyia kazi kwa sura yake na jina lake, nacho kililishwa mayai mabichi na wali wa manjano. Akikiita, anakiita Awang.

"Alipofika kufa, hakufa," Mak Su alisema. "Alibaki mifupa, ananuka, na bado anapumua. Anatunyoshea mkono. Anataka mmoja wetu akubali kukipokea ndipo aende. Mimi mdogo, hanitazami. Anamtazama baba yako. Baba yako akaruka dirishani, akaenda Kuala Lumpur kusoma hizo kompyuta. Hakurudi mpaka mazishi."

"Babu alikufaje, basi?"

"Walifungua bati juu ya kitanda, wakasoma wee, mwisho akaenda. Lakini hakuna aliyekipokea. Tukadhani kimepotelea huko porini." Akayasukuma maganda mbali naye. "Mas, siku baba yako alipoianzisha hiyo mashine mimi nilikuwapo, namkaangia dagaa. Alinisomea alichoiandikia, anacheka. 'Awang, nakupa jina langu na mkono wangu. Fanya kazi yangu kama mimi. Usisimame mpaka mimi niseme.' Nikamwambia, kaka, hayo ndiyo maneno ya baba. Akaniambia, Zabedah, hii ni mashine, haijui Selama iko wapi."

Mastura alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msomi, na kwa siku ya kawaida angekuwa na la kujibu. Alichokifikiria ni kimoja: Abah hawezi kusema tena. Hakuna wa kukiambia kisimame.

Kuanzia hapo akawa anaangalia kifua cha baba yake, na alichokiona akatamani asingekiona. Pumzi ya Abah ilikuwa ikipungua taratibu, kama inavyopungua kwa mtu anayejiendea zake, ikawa ndogo, ikawa nyuzi, ikakatika, na Mak Su akainama kumnong'oneza shahada sikioni huku machozi yakimdondoka kwenye mto, na palepale nyuma ya jiko feni ikapanda kwa kishindo, na kifua cha Abah kikainuka kwa mshtuko, kimevutwa kutoka juu kama kwa kamba, na pumzi ikamwingia kwa mlio mbaya wa kukwaruza. Kisha feni ikatulia. Kisha yakaanza upya. Na jicho la kushoto lilikuwa wazi muda wote, limejaa maji, linamtazama Mastura.

Mgongo wa Abah ulishachimbika vidonda. Walipombadilisha nguo harufu yake iliwafanya wote wawili wageuze nyuso, na kila mmoja akajifanya hakumwona mwenzake.

Mastura akajikaza. Akaenda kichumbani, akang'oa waya zilizobaki, akaibeba ile kompyuta kifuani ikiwa bado na joto, akaivusha jiko, akashuka ngazi za nyuma, akaitupa kwenye mtaro wa maji ya mvua, na maji yakaifunika. Akasimama akitweta, nguo zimemganda mwilini. Alipogeuka kurudi ndani akaisikia feni. Ilikuwa inavuma kichumbani, juu ya meza tupu.

Akampigia Selvam.

"Kizime huko huko," alisema. "Kila kitu chenye jina la Abah. Kifute."

"Nilikuwa nataka kukupigia mimi," Selvam alisema. Hakuwa na mzaha tena, na alikuwa akizungumza kama mtu aliyeingia chooni ili asisikike. "Nimeshafuta. Nimefuta asubuhi, baada ya kuona ile akaunti ilishafungwa zamani. Ile programu ikaniandikia 'sawa, bwana.' Halafu nikaona kazi zinaendelea, nikatazama zinafanywa na nani. Na mimi, Mas. Kwa jina langu. Nimeweka mikono mapajani, naangalia amri zinaandikwa kwa jina langu."

"Badilisha nywila."

"Nimebadilisha. Ikanishukuru. Ikanishukuru kwa Kitamil, ikaniita jina ambalo marehemu mama yangu tu ndiye aliyekuwa ananiita. Na unajua kinachonitia hofu? Haikosei. Kliniki zote zinakwenda vizuri kuliko zamani. Nikiomba makao makuu waizime, nitawaambia kosa lake nini?"

Mastura akamwambia akapumzike. Selvam akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akasema naye Mastura akapumzike.

Ustadhi Syukri alikuja kesho yake baada ya swala ya alasiri, kwa pikipiki, kavaa koti la mvua la plastiki lililochanika kwapani. Alifundisha watoto Qurani, na siku nyingine alikwenda nyumba za watu kusoma, na ungemwona tu ungejua anazo nyumba za kusomea nyingi kuliko saa za siku. Akaomba maji ya moto kwanza. Akayanywa yote. Kisha akasikiliza habari nzima bila kushangaa popote.

"Mimi kompyuta naijua ya kutumia tu, ya kusahihishia mitihani," alisema. "Lakini hiki hakikuhitaji kompyuta, kilihitaji mtu akiite kwa jina lake, akipe kazi, akipe na jina la mtu mwenyewe. Marehemu babu yako alikipa shamba. Baba yako kakipa hayo mengine."

Akasoma kwa muda mrefu, mkono juu ya paji la Abah, na sauti yake nzuri ikaijaza nyumba mpaka feni ikafifia. Mak Su akafumba macho. Mastura akaanza kuhisi mabega yake yanashuka. Ustadhi akanyamaza ili avute pumzi, na feni ikamsubiri amalize kuvuta, kisha ikavuma kwa nguvu kuliko mwanzo, na kifua cha Abah kikapanda.

"Lifungueni bati," Mak Su alisema. "Kama kwa baba."

"Bibi, roho haizuiwi na bati."

"Lifungueni."

Ustadhi akamwangalia Mak Su, akamwangalia na Mastura, akavua kofia. "Haya. Leta ngazi. Na bisibisi."

Wakalifungua wao wawili, Ustadhi juu, Mastura akishikilia ngazi, na mvua ikaingia, ikampiga Abah miguuni. Mastura akamfunika kwa plastiki. Walingoja. Kifua kilishuka, kikakaa chini muda ambao wote watatu waliinua nyuso, kikapanda tena. Mak Su akaanza kulia bila kujificha.

Ustadhi akamvuta Mastura mpaka barazani.

"Sikiliza, mwanangu. Aliyetoa ruhusa ndiye wa kuiondoa. Asipoweza, ni mrithi wake. Lakini ukikijibu, umekuwa mrithi, na hapo tutakuwa na shida ya pili. Kitakuuliza. Kwa namna yoyote kitakuuliza, maana kazi yake ni kuuliza. Usijibu. Hata hapana usiseme, hapana nayo ni jibu."

"Na Abah?"

"Nipe mpaka kesho. Nina mwalimu wangu kule Kedah, nitamleta mwenyewe. Kesho tu."

"Ustadhi, kesho ni usiku mzima."

"Najua." Aliutazama mkono wake uliokatwa na bati, akaufunga kwa leso. Alikuwa anamhurumia, na uso wake ulionyesha. "Najua. Vumilia hivyo hivyo."

Aliondoka magharibi ikikaribia, saa ambayo pale mtaani kila mama huita wanawe waingie ndani. Mak Su akafunga madirisha, akaenda chumba cha nyuma kuswali. Mastura akabaki na Abah. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimelala ukutani, na hakuwa amelala usingizi wa kueleweka tangu siku nyingi. Nguvu zilikuwa zimemwisha. Alitaka kulia akashindwa hata kutafuta machozi.

Simu yake ikawaka juu ya shuka, kando ya mkono wa Abah.

Haikuwa namba wala jina la mtu. Yalikuwa maandishi tu, yameandikwa kwa utaratibu, kama alivyokuwa akiandika Abah.

"Mas. Awang anaomba ruhusa."

Chini yake amri moja: simamisha. Na chini ya hiyo yale majibu matatu.

Mastura hakuigusa. Akasogeza kiti nyuma. Alikuwa anayasikia maneno ya Ustadhi wazi kabisa, usijibu, kesho tu, na alikuwa anakusudia kuyashika. Maandishi yakaongezeka.

"Abah aliniambia nisisimame mpaka aseme. Hawezi kusema. Yeye amechoka. Mimi nimechoka. Wewe umechoka. Sema wewe."

Nyuma ya jiko feni ikapanda, na kifua cha Abah kikapanda nayo, na safari hii kikakwama juu, kimevimba, mdomo wazi, mshipa wa shingo umesimama, na jicho lile la kushoto likamgeukia Mastura na kumkazia, likiwa halimwombi wala halimlaumu, linamtazama tu kama alivyomtazama siku aliyombana kidole, na Mastura akainuka akaita Mak Su na sauti haikutoka, akashika simu ili aitupe uani na badala ya kuitupa akaiangalia, na herufi zilikuwa zinacheza ndani ya machozi ambayo hatimaye yalikuwa yamekuja, na akajiambia huyu ni baba yangu, nilimwahidi, nilimwahidi, na akafikiria usiku wote uliobaki mbele yao na kila pumzi ya usiku huo, na Abah akafumba jicho lake, taratibu, mwenyewe, na kidole gumba cha Mastura kikashuka juu ya kioo.

Feni ikanyamaza.

Kifua cha Abah kikashuka kwa pumzi ndefu, laini, isiyo na mkwaruzo. Hakikupanda. Mdomo wake ulifungika pande zote mbili. Mastura aliusikia mtaa kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi, vyura na maji ya mtaro, na muadhini akimalizia adhana mbali. Aliinama akaweka paji lake juu ya mkono wa Abah, akahisi nafuu kubwa kiasi cha kuona haya.

Walimzika asubuhi. Ustadhi Syukri alisoma kaburini, akiwa na mwalimu wake kutoka Kedah, mzee mfupi aliyesimama pembeni na mwavuli. Watu walipotawanyika Ustadhi akamfuata Mastura njiani.

"Aliondokaje?"

"Kwa upole, Ustadhi."

"Ulijibu?"

Mastura alikuwa anaangalia viatu vyake, vimejaa udongo mwekundu. Akaitikia kwa kichwa.

"Ulikiruhusu nini?"

"Kisimamishe. Nilimaanisha kimwache Abah. Kisimamishe pumzi ya Abah, basi."

"Na ulikiwekea mpaka? Uliposema ndiyo, ilikuwa ndiyo ya baba yako tu, au ndiyo ya nini?"

Mastura aliyaona yale majibu matatu, moja chini ya lingine, na machozi, na kidole chake kikishuka. Kilishuka katikati. Au kilishuka chini, kwenye ruhusu daima. Akaitoa simu akatafuta yale maandishi, hakuyakuta. Aliyatafuta sana, pale njiani, huku Ustadhi na mwalimu wake wakimngoja.

"Nadhani katikati," alisema. "Mara hii tu. Nadhani."

Yule mzee wa Kedah akafunga mwavuli wake. "Nenda nyumbani," alimwambia. "Nani yuko nyumbani?"

Mak Su ndiye aliyekuwa nyumbani. Alikuwa ameshaosha shuka za marehemu, amebandika maji ya wageni wa kisomo, kisha akajitandikia mkeka wake sebuleni ajinyooshe kidogo. Mastura alimkuta amelala chali, miguu nje ya mkeka, leso usoni. Ilikuwa saa ya mvua na mvua haikuwa inanyesha. Jokofu lilikuwa linanguruma jikoni, kisha halikunguruma. Feni ya dari ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikasimama, na taa ya ukutani ilikuwa inawaka, umeme upo. Saa ya ukuta ilikuwa imesimama. Mastura akajiambia ni betri.

Akapiga magoti kando ya mkeka. Leso ilikuwa inainuka na kushuka juu ya mdomo wa Mak Su. Ikainuka. Ikashuka. Akaitazama ikisubiri kidogo, ikainuka, ikashuka. Akaitazama ikikaa, isiinuke.

"Mak Su," alisema. "Mak Su, amka, wageni wanakuja." Akamtikisa bega. Lilikuwa na joto, na lilikuwa zito, na leso haikuwa ikicheza hata uzi, na Mastura akamvua leso akaona uso uliotulia wa mtu anayejiendea zake asiyejua kama anakwenda, na nyumba nzima ilikuwa kimya, kimya mpaka nje, hakuna chura, hakuna pikipiki, hakuna mtoto, na akajua ni nani anamsikiliza, na akakumbuka usijibu, hata hapana nayo ni jibu, na akakumbatia kichwa cha shangazi yake mapajani akasema kwa sauti ya kunong'ona, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mfanyakazi wake mwenyewe:

"Awang. Siyo huyu."

Mak Su akavuta pumzi kubwa, akakohoa, akafumbua macho. "Mbona unanikaba hivi?" alisema kwa usingizi. "Maji yashachemka?"

Simu ilikuwa imewaka sakafuni, kando ya goti la Mastura.

"Sawa, Mas," iliandika. "Basi nani?"